Alama ya Nadège, na Meza Zilizonifukuzisha Chumbani

Nimestaafu. Hakuna tena anayeweza kunihamisha, kunipunguzia saa za masomo wala kuniita ofisini, kwa hiyo naandika.

Siku ya kuniaga, prefe wetu mpya, yaani mkuu wa shule, alisimama akanisifu mbele ya walimu wote kwa utii wangu wa miaka mingi. Walimu wa zamani walitazama chini. Mimi nilinyamaza, kwa sababu sahani za kuku zilikuwa bado hazijagawanywa. Lakini nyinyi walimu vijana mlionifuata nje mkaniuliza, "Madame, ile mambo ya kuacha batoto bachague, ulianza namna gani?" mnastahili jibu la kweli. Sikuwa mtii. Nitaeleza ilivyokuwa.

Mimi ni mkubwa katika nyumba ya watoto watano. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli hapa Kamina. Yeye na mama walifariki wakifuatana, nami nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari. Matanga yalipokwisha, wajomba na shangazi waliotoka Kabongo walikaa uani wakatugawana: huyu aende kwa fulani, huyu atasaidia shambani, huyu mdogo alelewe na bibi. Walikuwa watu wema na mpango wao ulikuwa na akili. Ila hakuna aliyetuuliza. Nilisema hatuendi popote, tunabaki pamoja katika nyumba hii. Mjomba akacheka. "Weye utabalisha na nini? Na kalamu?" Nikamjibu kwamba nitatafuta. Shule niliiacha juma hilohilo. Sisemi haya ili mnionee huruma. Wadogo zangu wote walikua, na mmoja amenenepa kupita kiasi.

Kazi niliyopata ilikuwa kwa Papa Mutombo, mchoraji wa vibao karibu na stesheni ya treni. Alikuwa mtu wa Kasai, mrefu, mwenye subira na mbao na asiye na subira na wateja. Alichora vibao vya mikahawa, vya vinyozi na vya maduka ya dawa. Mimi nilianza na msasa: kusugua mbao mpaka kiganja kikipita kisikwame. Baadaye akanifundisha kupiga mistari ya makaa, kupima nafasi kati ya herufi kwa jicho badala ya rula, na kuosha brashi kabla ya kuosha mikono. Siku moja nilimwomba nichore kuku wa mkahawa fulani kwa namna yangu mwenyewe.

"Mama mudogo," alisema, kwani alikuwa akiniita hivyo kwa ajili ya wadogo zangu, "mwenye mukahawa anataka kuku kama kuku. Ile kuku ya namna yako, nani atakula?" Akainama kuchanganya rangi, kisha akasema bila kunitazama, "Lakini rangi ya nyuma, chagua weye."

Rangi ya nyuma ya kibao ni kitu kidogo, nakubali. Lakini nyumbani nilikuwa naamua kila jambo na sikuwa na la kuchagua hata moja. Unga ukiwapo tunakula bukari, yaani ugali, usipokuwapo tunalala hivyohivyo. Kwenye kibao kulikuwa na mahali pamoja ambapo nilisema kijani, na ikawa kijani. Nilianza kutembea mjini nikitazama kuta, matumbo ya mabehewa, vikwembe, yaani vitenge, vya akina mama wanaotoka kanisani, nikitafuta rangi ya kesho. Nilikuwa nafika kazini mapema kuliko mwenye kazi.

Kisha ukaja mwaka ambao watu wa Kasai walifukuzwa katika mkoa wetu kwa kuitwa wageni. Familia zilikaa stesheni na vyombo vyao zikingoja treni. Papa Mutombo naye akaondoka na mke wake. Shule nazo zilibaki na madarasa bila walimu, maana wengi wao walikuwa watu wa huko, na ndiyo sababu shule moja ya mtaa wa reli ilimchukua msichana wa vibao, asiye na diploma, afundishe kuchora na kazi za mikono. Mnisikie vizuri: nilipata mahali kwa sababu mwingine alifukuzwa. Sijawahi kuifurahia sehemu hiyo ya habari, na sijawahi kuificha.

Chumba cha sanaa kilikuwa cha mwisho, upande wa reli. Treni ikipita, tulinyamaza sote mpaka behewa la mwisho. Juu ya kabati mwalimu aliyetangulia alikuwa ameacha mtungi wa udongo wenye ufa ubavuni. Huo ndio uliokuwa somo. Unauweka juu ya kiti, unauchora ubaoni, wanafunzi wanaunakili, na alama zinatolewa kwa kufanana. Nilifanya hivyo miaka kadhaa kama wote. Mwisho wa mwaka tulibandika kazi ukutani. Mzazi mmoja, fundi wa baiskeli, alikuja akasimama mbele ya ukuta mzima wa mitungi, akageuka kwangu.

"Madame, ya mutoto wangu njo gani?"

Sikujua. Tukamwita mtoto. Naye hakujua.

Mwaka wa masomo uliofuata niliingia darasani, nikaufungia mtungi kabatini, nikawaambia wachore wanachotaka. Nilidhani watashangilia. Walikaa kama watu waliosikia habari ya msiba.

"Madame, tuchore nini?" aliuliza Ilunga, mvulana wa mstari wa mbele.

"Ile unapenda."

"Ndiyo, Madame. Lakini ile napenda njo gani?"

"Mimi nitajuaje? Ni weye unajua."

Wakanong'onezana. Kisha wakainama wote na kuchora kwa bidii kubwa. Nilipopita kati ya madawati nilikuta kila mmoja amechora mtungi. Hawakuwa wakiuona, ulikuwa kabatini, lakini waliuchora kwa kumbukumbu, na ufa wake. Nilimuuliza Ilunga kwa nini.

"Madame, mwaka jana mwalimu wa Kifaransa alisema tuandike ile tunataka. Tukaandika. Akatupatia sifuri." Akanitazama kwa huruma kidogo. "Sasa tumejua."

Kosa hilo linafanywa na kila mwalimu anayeanza, nanyi mtalifanya. Mtoto ambaye tangu darasa la kwanza ameambiwa mstari wa kupiga, kalamu ya kushika na siku ya kufunika daftari, ukimfungulia mlango ghafla atadhani ni mtego. Nilikumbuka rangi ya nyuma. Nikaanza upya na kitu kimoja: wote wachore jani moja, lakini kila mtu achague kama ni kwenye karatasi au kwenye kipande cha katoni. Juma lililofuata, makaa au udongo mwekundu. Baadaye, jani au kitu kingine kinachoanguka. Ilichukua muda mrefu kabla ya meza kuja.

Meza zilikuwa nne. Ya makaa: vijiti vya mti laini unavyovifungia ndani ya kopo la maziwa na kuvichoma mpaka moshi ukome. Ya rangi: udongo mwekundu na wa njano uliopepetwa kwa kitambaa, masizi ya sufuria, buluu ya kufulia nguo, vyote vikishikwa na uji wa muhogo. Usiupike mzito, utapasuka ukikauka, na usiuache mpaka kesho yake, utanuka hata mkaguzi asije. Ya waya: nyaya za matairi yaliyochomwa, na koleo moja ambalo niliwahesabia watoto kila saa ya kutoka. Ya nne ilikuwa ya vitambaa, nyuzi na takataka safi. Mwanafunzi alichagua meza na alichagua kazi. Kuhama meza aliruhusiwa, ila amalize kwanza alichokianza. Mwishoni aseme kwa maneno yake kwa nini amefanya hivyo. Na sheria iliyonihusu mimi: mkono wa mwalimu hauingii kwenye kazi ya mwanafunzi, hata kama samaki ana miguu. Hiyo ndiyo iliyonitesa kuliko zote.

Sasa nimfikie Nadège.

Alikuja katikati ya mwaka, binti wa askari wa Base, kambi kubwa ya jeshi nje ya mji, akakaa mjini kwa mama yake mdogo ili asome. Alikuwa amepita shule nyingi katika mikoa mingi, na Kiswahili chake kilikuwa kimejaa Kilingala. Alama zake za muhula wa kwanza zilikuwa zimepotea njiani, kwa hiyo sifuri moja ingetosha kumrudisha nyuma. Baba yake alikuwa ameshasema: akirudia mwaka, basi, ataacha shule na kukaa na mama yake kule Base auze mkaa na maandazi. Hilo sikulisikia kwake. Mama yake mdogo alinieleza siku alipomleta.

Chumbani kwangu hakuchagua meza. Alikaa kwenye dirisha, mikono mapajani, juma baada ya juma. Wengine walilalamika.

"Madame, uyu anakataa kazi!"

"Hajakataa. Hajachagua."

"Na sisi tukae vile?"

"Kaa, uone kama utaweza."

Ilunga alijaribu. Hakumaliza hata nusu ya saa, akaenda kwenye waya.

Siku moja Nadège aliinuka mwenyewe akaenda meza ya vitambaa. Hakuniuliza kitu. Alifanya kazi majuma mengi. Alisokota magodoro madogo ya matambara. Alitengeneza vitanda vya vijiti vinavyokunjika, sufuria za vifuniko vya chupa zikiingiana kubwa na ndogo, mlango wa katoni uliokunjwa mara mbili, hata taa. Kisha akaviweka vyote katikati ya kipande cha kikwembe na kukifunga kwa fundo moja ambalo ukilivuta ncha linafunguka lote. Wake wa askari hufunga hivyo. Kule Base kuna nyumba ambazo sufuria kubwa na godoro la wageni havifunguliwi kamwe, kwa sababu amri ya kuhama haipigi hodi.

Aliuweka mzigo mezani. "Ni nyumba yetu," alisema.

Watoto wakacheka. "Nyumba gani haina ukuta?"

"Ukuta ni ya jeshi," Nadège akajibu. "Yetu njo hii."

Hawakucheka tena. Ilunga alimwomba amfundishe lile fundo, akakataliwa.

Mkaguzi alikuja karibu na mwisho wa mwaka, na prefe wa wakati ule nyuma yake. Alikuwa mtu makini, aliyevaa tai katika joto lile. Alipita meza hadi meza, mikono mgongoni, akauliza kielelezo cha kunakiliwa na wote kiko wapi.

"Hakuna, Monsieur."

"Sasa unapima na nini?"

Lilikuwa swali la haki, nami sikulidharau. Nilimwambia napima mambo matatu: kama mtoto amechagua kweli, kama amemaliza, na kama anaweza kusema sababu. Alifikiri.

"Kila mtoto na kazi yake, kila mtoto na kipimo chake," alisema. "Madame, hii si darasa. Iko soko."

"Sokoni bantu banajua kile banataka, Monsieur."

Prefe alifumba macho. Mkaguzi alikuwa amefika kwenye mzigo wa Nadège. "Na hii? Nani amesahau muzigo yake hapa?"

Jioni hiyo prefe aliniita. Alama za kuchora bila kielelezo hazitahesabiwa. Lakini yeye hakuwa mtu mbaya, akanitafutia njia: wanafunzi wachore mtungi mchana mmoja, niutie alama, mambo yaishe. Asiyechora anapata sifuri.

Nilipeleka jambo hilo darasani kama lilivyo, bila kuongeza chumvi. Niliwaambia: hii ndiyo amri, mtungi uko hapa, kila mmoja achague. Karibu wote waliuchora, wakaondoka kabla ya saa. Sikuwalaumu, wala siwalaumu leo. Kama nilikuwa nimewapa uchaguzi, ulikuwa wao hata pale usiponipendeza mimi. Nadège peke yake alibaki dirishani.

"Unajua sifuri itakufanya nini?" nilimuuliza.

"Najua."

"Ni mtungi tu. Unauchora mara moja, unapanda darasa."

"Nikichora mutungi, ile nyumba yetu itapata ngapi?"

"Haitapata kitu. Haitahesabiwa."

"Te, Madame." Hiyo ni hapana ya Kilingala, na aliisema polepole. Kisha akaniangalia usoni, jambo alilokuwa halifanyi. "Minyi nimechagua. Weye unaogopa nini?"

Nilikuwa naogopa mengi. Niliogopa baba yake, niliogopa mkaa na maandazi. Niliogopa kwamba mtoto ataulipia ukaidi wangu. Lakini haukuwa ukaidi wangu tena. Ulikuwa wake, na mimi ndiye niliyempa.

Kikao cha walimu cha kuamua matokeo, ambacho sisi tunakiita deliberasyo, kilifanyika katika chumba cha walimu, madirisha yakiwa yamefungwa ili wanafunzi wasisikie. Prefe alisoma jina moja moja. Akafika kwake.

"Nadège. Kuchora?"

"Sabini kwa mia."

"Kielelezo?"

"Hakuna."

"Basi ni sifuri."

"Ni sabini, Prefe."

"Madame Numbi, tulielewana."

"Weye ulisema. Minyi sikuitika."

Mtu mmoja alikohoa. Prefe aliweka kalamu chini. Alisema polepole kwamba pale mezani watu walikuwa na diploma, na walioajiriwa kwa dharura walipaswa kukumbuka walivyoingia. "Bila diploma, unataka kunifundisha kazi?"

"Hapana, Prefe. Nakataa tu."

"Unakataa nini?"

"Kubadilisha. Mtoto alichagua, akamaliza, akasema sababu. Kama unataka sifuri, iandike weye na uweke sahihi yako. Yangu ni sabini."

Aliyeingilia ni Monsieur Kazadi wa hesabu, mtu ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kuingia chumba cha sanaa ila kuazima koleo. "Prefe," alisema, "leo ukibadilisha ya kuchora, kesho utabadilisha ya hesabu." Mwalimu wa historia, aliyekuwa akisinzia, akaamka. Mwalimu wa jiografia akasema hata yeye hakubali. Ghafla chumba kizima kilikuwa kinazungumza. Msidanganyike: hawakuwa wanatetea sanaa, wala Nadège. Walikuwa wanatetea kalamu zao. Nilipokea msaada huo bila kuuliza umetoka wapi.

Sabini ikaandikwa. Nadège akapita mwaka, kwa shida, lakini akapita.

Mwezi wa tisa, shule ilipofunguliwa, nilikuta chumba changu kimejaa saruji na madawati mabovu. Nilikuwa nimeondolewa madarasa ya juu. Prefe alisema kwa adabu kwamba hakuna nafasi. Nikatoa meza zangu nje, mimi na watoto wa darasa la kwanza na la pili, tukazipanga barazani, zikitazama njia ya stesheni.

Alitaka kunificha, akaniweka pale ambapo mji wote unapita. Akina mama walisimama na mabeseni yao. Mmoja, aliyetoka Kabondo-Dianda na samaki wa kukaushwa, alikaribia akauliza, "Batoto banacheza?"

"Banachagua, mama."

"Banachagua nini?" Akatua beseni, akainama juu ya kazi ya mvulana mdogo. "Ah! Samaki haiko vile. Mukia iko hivi."

Mtoto akavuta karatasi yake kifuani. "Mama, ni samaki yangu."

Yule mama alicheka mpaka akashika kiuno, akabeba beseni lake akaenda. Nilikaa barazani mpaka prefe yule alipohamishwa, mvua kwa jua. Chumba kilirudi, na wanafunzi wa juu wakarudi. Wakati huo hata wazazi walikuwa wakija kuuliza mtoto wao yuko meza gani.

Nadège hakuwapo. Amri ya kuhama ilikuja majuma machache baada ya shule kufunguliwa. Alikuja kuniaga barazani na karatasi ya matokeo ndani ya plastiki, kwa kuwa bila karatasi hiyo shule ya huko aendako isingempokea katika darasa la juu. Aliangalia meza zilizokuwa nje.

"Madame, balikunyang'anya chumba juu yangu?"

"Juu yangu. Weye ulichagua yako, minyi nilichagua yangu."

Akafikiri, akaitikia kwa kichwa kuwa ni sawa, akaenda kupanda lori.

Mnapenda kuniuliza kama amekuwa msanii. Sijui, na swali lenyewe linanikasirisha. Hakuna anayemuuliza mwalimu wa hesabu kama watoto wake wote wamekuwa wahasibu. Hata kama leo anauza maandazi, siku ile alisema hapana kwa sababu zake, na hapana yake iliheshimiwa na watu wazima, kwenye karatasi, kwa wino. Sihitaji matokeo mengine ili niamini kwamba nilifanya kazi.

Nimesikia kwamba mwakani mtaambiwa mrudi kwenye kielelezo kimoja kwa wote. Mtaambiwa kwa upole, na kwa sababu nzuri: madarasa yamejaa, karatasi hakuna, mkaguzi yuko njiani. Sababu hizo zote ni za kweli. Kataeni hata hivyo. Watawanyang'anya kitu, msijidanganye kuwa hawatawanyang'anya. Na msingoje shukrani, wala msingoje kuambiwa mlikuwa na haki. Mimi mpaka siku ya kuniaga nilisifiwa kwa kitu ambacho sikuwahi kuwa nacho.

Nirudisheni hata kesho katika chumba kile, madirisha yamefungwa, walimu wote wamekaa. Prefe na aulize tena mtoto yule amepata ngapi. Sabini.